Nilimwita Dada Yangu Msaliti Mbele ya Kanisa

"Mama, ananiambia nivue blauzi. Nivue?"

Ndugu zangu, swali hilo aliniuliza mwanangu Jayla, miaka minane, sebuleni kwangu, Jumamosi mchana.

Aliyemwambia avue ni afisa wa ustawi wa watoto. Mlangoni kasimama polisi. Nje, majirani wa mtaa wetu hapa St. Louis wametoka vibarazani, wanatazama.

Nikamwambia, "Vua, mama."

Wakamkagua mgongo. Wakamkagua mapaja. Walitafuta alama za kipigo... hawakuona hata moja. Kichanga changu Amos analia, na mimi naogopa kumbeba nisije nikaonekana namshika vibaya.

Afisa akasema kuna mtu katoa taarifa kwamba nataka kumuua binti yangu. Jina la mtu huyo haruhusiwi kulitaja.

Mimi jina nilikuwa nalo tayari.

Sikilizeni. Tangu nimzae Amos sikuwa sawa. Nilikuwa najifungia stoo ya chakula nalia, mume wangu Curtis yuko safarini na lori lake wiki nzima. Kanisani wakaniambia niombe. Shangazi akasema wanawake wa ukoo wetu hawaugui vitu hivyo.

Nikatafuta mtaalamu wa afya ya akili, mwanamke mweusi mwenzangu. Kwenye orodha nzima ya bima yangu walikuwemo wawili tu. Mmoja kastaafu. Wa pili, Daktari Odessa, foleni yake miezi saba, nikajiandikisha.

Wakati nasubiri, nikaishia kwa mtaalamu mmoja wa kizungu, Kirsten. Mpole kweli. Lakini kila kitu ilibidi nianze kumfafanulia... kwa nini shangazi hajibiwi, kwa nini nyumbani kwetu mwanamke halii mbele za watu. Nilikuwa natoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia.

Aliyejua naenda huko ni mtu mmoja tu, dada yangu Verdell. Na ndiye aliyenionya niangalie ninachosema kwa wageni.

Basi nikajumlisha mwenyewe: ni yeye.

Kesho yake, ibada imeisha, wamama wa kwaya wanapakua chakula ukumbini, nikamfuata.

"Umeniuza, Verdell."

"Nimekuuza kwa nani?"

"Kwa watu wa ustawi. Kwa kuwa huna watoto, ndiyo ukaona uchukue wangu?"

Jamani... dada yangu mimba tatu zilimtoka. Nilijua. Niliyasema nikijua.

Verdell akaweka mwiko chini, akachukua mkoba wake, akatoka. Ukumbi mzima hakuna aliyeendelea kupakua.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Faili limefungwa, hakuna kosa. Ndani kulikuwa na nakala ya ile taarifa. Jina wamelifuta, maneno wameyaacha: "Mama alisema atamuua binti yake, amfufue, kisha amuue tena."

Nikaisoma mara ya pili.

Maneno hayo nilimwambia Kirsten. Jayla alikuwa kamwaga rangi ya kucha kwenye kochi, nikawa nachekesha tu. Bibi yetu alituambia hivyo kila siku ya Mungu, na sote tumekua. Mimi nilicheka. Yeye aliandika.

Nikampigia. Hakukana. Alisema sheria inamtaka aripoti, na kwamba hajawahi kusikia mtu akiongea vile kwa utani. Hata kumchukia nikashindwa.

Nikavuka barabara kwenda kwa Verdell, nimejiandaa kufungiwa mlango. Akafungua. Nikaanza kuomba msamaha.

Akaniuliza, "Kwa Daktari Odessa wamekupigia?"

Kweli, walinipigia wiki ile ile ya ugomvi wa kanisani, wakanipa nafasi ya kila Alhamisi. Nilidhani foleni imesogea.

"Haijasogea," akasema. "Ile Alhamisi ilikuwa yangu, nikaomba wakupe wewe. Mwaka wa nne huu naenda."

Nikamtazama. Verdell? Verdell ambaye tunamkimbilia wote?

"Umewaachia lini?"

"Jumatatu. Baada ya yale ya kanisani."

"Baada ya yale? Kwa nini?"

"Charlise, mtu aliye sawa hawezi kunitamkia mimi maneno yale. Nikajua umezidiwa."

"Mbona hukuwahi kuniambia unaenda?"

"Aibu," akasema. "Kama wewe."

Siku hizi Alhamisi naenda mimi. Huko sifafanui kitu, naanza tu kuongea. Verdell yuko mwisho wa foleni, anasubiri upya. Nimeshasimama mbele ya wamama wa kwaya, nikawaambia ukweli wote. Kama dada yangu kanisamehe, bado hajasema, na mimi simharakishi.

Wewe unayesoma hapa, una dada, una rafiki. Usimuulize tu anaendeleaje, maana atakwambia mzima. Anza wewe kumwambia ukweli wako. Sisi tuliumwa kwa siri, nyumba mbili zinazotazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye nguvu.