Kabla Sijasoma Hukumu

Mapenzi hayana adabu. Hayaulizi mtu ana kazi gani wala ana kesi gani mezani. Ya Kokushubila yalimkuta soko la Bukoba, Jumamosi ya msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, akiwa na gauni la kitenge cha njano na viatu vimejaa matope.

"Dada, fungu hilo la senene nimeshalilipia kwa macho," alisema kijana mmoja mrefu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi.

"Macho hayatoi risiti."

"Basi tugawane."

Wakagawana. Kijana aliitwa Gozbert, akasema ni mtumishi wa serikali. Koku naye akasema hivyo hivyo, na kila mmoja akaona inatosha. Heri wangeulizana zaidi siku ile! Miezi minne walipendana, wakila samaki ufukweni, simu hazikauki, na habari za kazi hawazigusi.

Koku alikuwa hakimu. Mbele yake kulikuwa na wakulima sita wazee wa kijiji cha Ngenge walioshtakiwa kuvamia shamba ambalo, kwa ushahidi wote aliousikia, lililimwa na babu zao. Mkubwa mmoja wa serikali alilitaka, na mbunge mmoja alikwisha kusimama bungeni akauliza kwa nini mahakimu wa Bukoba wanaachwa wakwamishe maendeleo. Hakumtaja mtu jina, wala hakuwa na haja. Tangu siku hiyo Koku alikuwa akiukagua mlango wa nyumba yake, mtaa wa Rwamishenye, mara mbili mbili, na namba ngeni ikipiga aliitazama tu mpaka inyamaze.

Jumatatu, siku tatu kabla ya hukumu, Gozbert akapiga.

"Koku wangu, uko peke yako?"

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Yule mkubwa wa kesi ya Ngenge ndiye bosi wangu. Amejua habari zetu, na ndiye aliyeniambia kuwa wewe ndiye hakimu. Amenituma nikuambie uwafunge wale wazee, la sivyo utaona."

Koku akakaa chini. "Kwa hiyo hata sokoni ulitumwa?"

"Hapana, mpenzi. Nimetumwa leo. Mimi sikuombi uwafunge, nakupigia ujihadhari."

"Ujumbe umeufikisha, Gozbert. Kamwambie hivyo." Akakata simu.

Alilia, kisha woga ukakausha machozi. Kujitoa kwenye kesi kulikuwa rahisi, faili liende kwa mwingine naye apate usingizi. Lakini huyo mwingine angetishwa vilevile, na wazee wangeanza upya. Na akisoma hukumu bila kusema kitu, mapenzi yake yangetumiwa kuichana. Hakuona pa kukimbilia.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Koku, ndani ya suti nyeusi, alilifungua faili.

"Kabla sijasoma hukumu, lipo jambo pande zote mbili lazima mlijue. Nampenda mtumishi wa ofisi iliyoleta malalamiko haya. Jumatatu alinifikishia ujumbe wa mkubwa wake kwamba niwafunge washtakiwa. Anayetaka nijitoe, aseme sasa."

Mwendesha mashtaka alifungua kinywa. Kabla hajatamka neno, mtu akainuka nyuma kabisa.

"Mtumishi huyo ni mimi," alisema Gozbert, uso umempauka. "Na ujumbe ni kweli."

Mwendesha mashtaka akakusanya karatasi zake. Akipinga, angeulizwa zaidi habari za ujumbe ule. "Hatuna pingamizi, mheshimiwa."

Mzee Kagaruki, mshtakiwa wa kwanza, akasimama taratibu. "Waitu, mheshimiwa wetu, sisi tunataka hukumu tu."

Koku akaisoma, kurasa zote kumi na moja. Wote sita wakaachiwa huru.

Gozbert alikuwa akimngoja nje, kwenye ngazi.

"Nilikudhania vibaya," Koku alisema.

"Hata mimi ningejidhania hivyo. Unaogopa?"

"Naogopa sana. Wewe?"

"Naogopa pia. Kazi najua imekwisha."

"Na mimi watanihamisha, sijui wapi."

"Ndiyo maana nataka niende kwa mama yako kule Kashozi leo hii, nikakupose, kabla barua ya uhamisho haijafika."

Koku alicheka huku machozi yakimtoka. "Kwetu mwanaume haendi mwenyewe, Gozi. Anatuma mshenga."

"Nimeshaona kutumwa kulivyo," alisema Gozbert. "Hili naenda mwenyewe."