Jumatano ya Nyuso

Kisenyi ya Kampala mchana haina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unavutwa mkono, ukiuliza bei wanakufungia mzigo. Vera Akeyo, binti wa Kisumu, alikuwa amejibana kwenye kaunta ya Sulaimani, Msomali muuza vifaa vya simu, akichagua hedifoni za kazi. Alivaa gauni la kitenge cha njano na raba zilizowahi kuwa nyeupe. Mara akasikia nyuma yake mtu akijaribu maikrofoni.

"Haya, wajameni, mnanisikia? Mnanisikia vizuri?"

Sauti ile aliijua kuliko za ndugu zake, maana ilimlalia masikioni kila siku ya kazi. Ilikuwa ya Ojera, na uso wa Ojera hakuwahi kuuona.

Wote wawili waliajiriwa na kampuni isiyo na ofisi, inayoweka maandishi chini ya video. Bosi wao, Duarte, alikuwa Lisbon, wenzao wengine Manila na kwingineko. Vera aliandika Kiswahili, Ojera Kiacholi. Kila mwezi Duarte aliitisha Jumatano ya Nyuso. Siku hiyo kila mtu alifungua kamera, watu wasiokutana wakapungiana mikono na kuonyeshana watoto na paka. Ojera peke yake ndiye aliyebaki mraba mweusi, kila mara akisingizia intaneti.

"Bwana Giza," Vera alimtania siku moja, wenzao walipotoka mkutanoni wakabaki wawili, "una uso kweli, au una sauti tu?"

"Uso upo, Mwalimu. Naogopa ukiuona utadai mshahara wa nyongeza."

Alimwita Mwalimu kwa sababu Vera ndiye aliyemfundisha kazi. Mafunzo yakazaa utani, utani ukazaa simu za kuulizana umekula nini, na simu zikazaa mapenzi. Ndipo Vera akamwambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine. Kibali chake cha kazi kilikwisha zamani, na kila alipotaka kwenda ofisi ya uhamiaji miguu ilimgomea. Serikali ikijua, atarudishwa Kenya. Kampuni ikijua, itamwacha.

"Usiogope, mpenzi, tutapanga," Ojera alisema. Kisha akauliza, "Lakini Kampala unakaa wapi hasa?"

Naye akamwambia bila kuficha: Nateete, kwa mama Rukiah, mkabala na kibanda cha Kamis cha chapati.

Sasa, pale dukani, aligeuka tabasamu likiwa tayari mdomoni. Likamfia. Mwanamume aliyeshika maikrofoni alivaa sare ya serikali, buti zinang'aa, kofia kwapani.

"Vera!" mtu yule alisema, macho yamemtoka.

Wiki iliyopita tu, jirani yake Okinyi, Mkenya fundi wa friji, alichukuliwa na watu wawili wenye sare, taulo bado begani. Jioni alipiga simu akiwa Busia, mpakani, upande wa Kenya. Vera alikumbuka taulo lile. Aliachia hedifoni zikaanguka, akapenya katikati ya wapagazi na mizigo yao, akarukia pikipiki ya kwanza.

Njia nzima alijitukana. Kumbe ndiyo maana kamera haikufunguliwa! Kumbe ndiyo maana aliulizwa anakaa wapi! Alikuwa amejitia kitanzi mwenyewe, tena huku anacheka.

Simu ya Ojera iliita mpaka ikachoka. Kesho yake alipokea mara moja tu.

"Vera, tafadhali, nisikilize..."

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Ojera wako."

"Ojera wangu yupi? Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu! Mimi..."

Akakata.

Jumatano ilimkuta anafunga begi. Mama Rukiah, mwenye nyumba, alisimama mlangoni, gauni lake pana la gomesi, la zambarau, limejaza njia yote.

"Banange, mwanangu, unakwenda wapi na begi kubwa hivyo?"

"Kwetu, mama. Basi la jioni."

"Na kazi yako ya kompyuta?"

"Namaliza mkutano, kisha naondoka."

Mkutano wenyewe ulikuwa Jumatano ya Nyuso. Asiyeonekana bila taarifa huulizwa sababu, na Vera hakutaka kuulizwa lolote. Alijipaka podari, akaketi, akafungua kamera. Nyuso zikajaa kwenye kioo. Duarte alikohoa, mtu wa Manila akampungia. Mara ule mraba mweusi ukapata mwanga.

Alikuwa yeye, na sare yake yote, kofia kichwani.

Vera alishika kifuniko cha kompyuta. Kisha akaona kilichokuwa nyuma ya Ojera: kibanda cha mabati ya bluu, kikaango kinafuka moshi, na mkono wa Kamis unageuza chapati. Huyu mtu alikuwa kwenye mtaa wake! Papo hapo mlango wa chumba ukagongwa, mama Rukiah akaingiza kichwa.

"Vera," alinong'ona, "kuna askali pale kwa Kamis. Anaangalia simu tu. Toka na mlango ya nyuma, mwanangu. Haraka!"

Vera alisimama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye begi, lakini hedifoni za zamani zilikuwa bado masikioni.

"Haya, wajameni, mnanisikia?" Ojera alianza kwa Kiingereza chao cha kazini, na sauti ilikuwa inamkatika. "Mimi ni askari magereza. Wakubwa zangu hawajui kwamba nafanya kazi hii, na nyinyi sikuwaambia kuhusu ile. Huku wakijua, nafukuzwa. Duarte, pengine na wewe utanifukuza. Lakini kati yenu yupo mtu aliyeniamini na jambo lake, mimi nikamficha langu. Haikuwa haki. Sasa na yeye analo langu, alifanyie atakavyo."

Kutoka Lisbon hadi Manila, nyuso zikasogelea kioo.

"Ojera," Duarte alisema mwishowe, "mimi na wewe tutazungumza." Hakutabasamu. Mtu wa Manila alisema kofia inampendeza, lakini hakuna aliyecheka.

Vera alifunga kompyuta. Aliogopa bado, tena sana. Lakini aliwaza kwamba mtu anayetega mtego hajianiki mbele ya mashahidi. Akampigia.

"Wewe mwanamume una akili? Unakujaje kwenye mtaa wa watu na nguo hizo?"

"Nimetoka zamu gerezani Luzira moja kwa moja. Nilitaka unione nilivyo, usinione tena kwa bahati mbaya. Nimekosea, Mwalimu. Ukisema nirudi, narudi sasa hivi."

"Kwa nini uliniuliza ninakaa wapi?"

"Nilitaka kuja. Kila siku nilitaka kuja. Halafu nilikuwa nakumbuka hii sare, naogopa."

Vera alitazama mlango wa nyuma, kisha wa mbele. Akabeba begi lake, akampita mama Rukiah aliyeshika kichwa, akafungua geti.

Ojera alivua kofia. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, wa mtu asiyelala vizuri. Alimnyooshea zile hedifoni alizoziangusha Kisenyi, na mkono ulikuwa unatikisika.

"Unatetemeka," Vera alisema.

"Wewe pia."

"Mimi nina sababu."

"Hata mimi sasa ninayo. Kesho twende uhamiaji pamoja. Tuseme ukweli, tulipe faini yao."

"Wakinirudisha?"

"Nitakufuata Kisumu. Nilikuwa nataka kwenda kumwona mama yako hata hivyo."

"Kumwona kwa lipi?"

"Kukuomba, Vera. Nataka nikuoe."

Kamis aliacha chapati ikaungua. Vera alimtazama askari huyu mpaka machozi yakamtoka, asijue kama ni ya hofu au ya furaha. Kesho huenda wangepoteza kazi zote, na yeye huenda angelala Busia kama Okinyi. Hakuna lililotengemaa.

Akamkabidhi begi.

"Libebe," alisema. "Lirudishe ndani. Na ukimwona mama yangu, usivae hiyo kofia. Ana presha."