Kidude Kilichosema Hakuna Mtu

Mama Gyuseok ni jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Chuncheon, Korea Kusini. Mumewe alipofariki, alihamia kwa mwanawe. Asubuhi Gyuseok na mkewe Haerin hula wali na supu, huvaa makoti, hao kazini. Mama hubaki. Huosha vyombo, humenya vitunguu saumu, kisha huketi sakafuni kutazama televisheni. Huku kwetu sakafuni ndipo pa kuketi na pa kulala. Chini yake mna mabomba ya maji moto yanayotoka kwenye boila. Sakafu ikipoa, huna pa kukimbilia.

Baridi ilipoanza mwaka huu, Gyuseok alifunga kidhibiti joto kipya ukutani. Kinaongozwa kwa simu janja.

"Kina akili hiki, Mama," alisema. "Wewe usikiguse tu."

Basi malalamiko yakaanza. "Mwanangu, mchana naganda humu ndani."

Gyuseok akirudi jioni, akimaliza kula, hugusa sakafu. Moto! "Mbona kuna joto, Mama? Uzee huo."

"Ongeza sweta, Mama," husema Haerin.

Uzee! Mtu meno yanagongana, anaambiwa uzee! Hivi nyinyi mngekubali?

Jumanne moja nilimpelekea uji wa maharage mekundu. Nikavua viatu mlangoni, nikakanyaga ndani. Ebo! Baridi ilinipanda hadi magotini. Mama Gyuseok alikuwa amevaa koti, na juu yake kajifunika mablanketi mawili. Kando yake palikuwa na begi limeshafungwa.

"Safari ya wapi?" nikamuuliza.

"Narudi kijijini kesho."

"Kwa nani? Nyumba ile haina mtu, na paa linavuja!"

"Bora huko. Huko nikisema nasikia baridi, hakuna wa kuniona mwongo."

Damu ikanichemka. Nikaenda kukitazama kile kidude ukutani. Kilikuwa na picha ya nyumba tupu, na maneno: "Hakuna mtu nyumbani. Joto limepunguzwa."

"Mama Gyuseok, wewe ni nani humu? Kabati?"

"Maandishi yale madogo, mimi siyaoni. Halafu nimekatazwa kugusa."

Nikampigia Gyuseok simu. "Njoo sasa hivi. Mchana huu huu, usingoje jioni!"

"Mama mdogo, nina mkutano..."

"Mkutano utakungoja. Mama yako ameshafunga begi, anaondoka."

Alifika anahema. Alipofungua mlango tu, kidude kikalia, ting! Picha ikabadilika. Yakatokea maneno: "Karibu nyumbani." Boila nayo ikaanza kunguruma.

"Umeona?" nikafoka. "Wewe hata viatu hujavua, kimeshakuona! Mama yako kashinda humu tangu asubuhi, hakikumwona!"

Gyuseok akavua viatu, akakanyaga sakafu kwa soksi. Akainama, akaweka kiganja pale mama yake anapoketi.

"Mama, kila siku iko hivi?"

"Si nilikuambia?"

Nikamuuliza Gyuseok kidude kinajuaje kama nyumba ina watu.

"Kinafuata simu," akasema. "Simu yangu na ya Haerin zikiwa mbali, kinapunguza joto. Nilitaka kuokoa gesi."

"Na simu ya mama?"

"Ana kitochi tu. Hakikitambui."

"Kwa hiyo asiye na simu janja si mtu! Aibu gani hii, Gyuseok? Na hiyo gesi huiokoi kama unavyodhani. Hii sakafu ni zege. Inachelewa kupata moto. Ukiiacha ipoe kabisa, jioni boila inahangaika kuipasha upya. Mnaanza kula, bado haijakolea."

"Sasa nyinyi kwenu mnafanyaje?"

"Mtu akiwemo, joto linabaki palepale. Nyumba ikiwa tupu kweli kwa saa chache, tunapunguza nyuzi mbili, basi. Usiku pia. Na kidude chetu tumekipangia kianze kupasha mapema, kabla hatujaamka. Halafu lile godoro mnalolalia sakafuni likunjeni asubuhi. Mkiliacha limetandikwa, linaziba joto lisipande."

Gyuseok akakuna kichwa. "Basi nitamnunulia Mama simu janja, kimtambue."

Mama Gyuseok akayatupa mablanketi. Sikuwahi kumwona na hasira kama ile.

"Nini? Nijitambulishe kwa ukuta ndani ya nyumba ya mwanangu? Nilikuzaa mimi, au kilikuzaa hicho?"

Gyuseok akatoa simu yake. Akakizuia kidude kisifuate simu tena. Akakipangia saa na kuyakuza maandishi. Kisha akamwita mama yake, akamwonyesha pa kubonyeza. Mama akabonyeza mwenyewe, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa nguvu.

Jioni Haerin alipoelezwa, uso ulimwiva. Akalifungua begi, akazirudisha nguo kabatini moja moja. "Nisamehe, Mama. Nilikujibu tu, sikukusikiliza."

Siku hizi sakafu yao ina joto la wastani mchana kutwa. Na gesi wanatumia kidogo kuliko mwanzo, Haerin mwenyewe kashangaa. Majuzi nilikuwa huko, tunachambua kabichi, miguu mitupu. Kitochi kikalia. Alikuwa Gyuseok, yuko kazini.

"Mama, nimetazama kwenye simu, naona sakafu iko sawa. Upo?"

"Acha kutazama huko," akajibu Mama Gyuseok. "Ukitaka kujua kama nipo, niite. Nitaitika."