Ukimya wa Ua la Mchanga

Asubuhi hiyo diski ya picha haikuwemo kabatini, na kufuli lilikuwa zima. Binti mhariri wa filamu, ambaye ndiye mwenye ufunguo, alikuwa amekaa kando akilia. Mwongozaji alikwisha kumwita mwizi mbele ya wenzake wote.

"Ufunguo wa akiba je?" mpelelezi alimwuliza mwongozaji.

"Uko mezani kwangu. Haujaguswa."

Mpelelezi alikuwa mama mtu mzima ambaye hata ukimsalimia vizuri anajiuliza unataka nini. Filamu yenyewe ilimtia shaka. Eti bamba la chuma likitikiswa na sauti, mchanga ulio juu yake hujipanga wenyewe ukawa ua la petali sita, umbo lile lile linalochorwa kwenye nyumba za ibada, na hiyo ndiyo dalili kwamba ulimwengu wote ni kitu kimoja.

Mwalimu wa fizikia, mshauri wa filamu, hakuficha hasira.

"Niliwaambia leo nataka kuona picha za ua zisizokatwa. La sivyo waondoe jina langu."

"Kumbe mna ugomvi."

"Tunao, dada. Ila diski niibe ya nini, na ndiyo niliyokuwa naililia?"

Hilo lilimwingia. Akatazama tena kabati. Diski ya sauti ilikuwa imeachwa.

"Siku ya kupiga picha za ua hakuna aliyesema neno," mwongozaji alieleza. "Haina kitu hiyo."

Mpelelezi akamgeukia fundi sauti. "Ulirekodi nini?"

"Ukimya wa chumba, mama. Kila chumba kina wake, tunauweka chini ya maneno. Huwa naacha mashine ikirekodi natoka nje, pumzi yangu isisikike."

"Hebu tuusikilize."

Ulianza mvumo wa feni. Kisha mlango ukafunguliwa, burashi ikakwaruza chuma, na mwongozaji akasikika akijisemea: "Hii ya sita imepinda."

"Ulilichora ua kwa mkono," mpelelezi alimwambia. "Picha zingekuumbua kwa mwalimu, ukaziiba kwa ufunguo wako wa akiba, ukamsukumia msala binti wa watu."

Mwongozaji aliinamisha kichwa. "Tano zilijipanga zenyewe. Naapa. Nimeliamini jambo hili maisha yangu yote, nikasaidia moja tu."

Mpelelezi alimwonea huruma kidogo, lakini hakumwamini hata kwa hizo tano.

Mhariri alifuta machozi, akasimama.

"Irudishe mwanzo," alimwambia fundi sauti. "Na uwaite wote waliosikia nikiitwa mwizi."