Mbwa Aliyeitwa Mtasema

"Kuku yangu ya mayai, mke wa Rasto! Ile nyekundu! Fungo kutoka porini amempitisha alfajiri hii mbele ya pua ya mbwa yako, na mbwa yako amelala kama gunia ya mihogo!"

"Mbwa wangu si askari wako, Akwi. Humlipi mshahara."

"Si anaitwa Mtasema? Mbona hakusema?"

Majirani wa kijiji cha Dabani, upande wa Uganda, walikuwa wameshasimama njiani, mmoja na jembe begani, mwingine na mtoto mgongoni. Wanawake hawa wawili wakigombana, watu hawakukosa. Nereah, mke wa Rasto, alimtazama mbwa wake aliyelala uani. Hata yeye alikuwa akijiuliza. Mbona hakusema?

Jina hilo alilitoa Rasto, mume wake. Rasto alimwoa Nereah kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Miaka sita ikapita bila mtoto, na majirani wakapata la kutafuna. Siku moja Rasto alirudi kutoka soko la Tororo na kitoto cha mbwa ndani ya koti. Akakiita Mtasema. Kila jioni alisimama uani, akaita kwa sauti kubwa, "Mtasema! Mtasema wee!" Mbwa alikuja mbio. Majirani nao walisikia, na kila mmoja alijua ameambiwa yeye. Akwi, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ua wa minyaa, alijua zaidi ya wote.

Sasa Rasto alikuwa kaburini mwaka mzima. Aliyeita jioni alikuwa Nereah. Akiliita jina lile, ilikuwa kama Rasto bado yuko uani. Lakini wiki hiyo aliita na mbwa hakuja.

"Rasto alimdekeza," Akwi aliendelea, "na wewe umemharibu kabisa!"

Nereah hakumsikiliza tena. Alichukua sufuria na mwiko, akaenda nyuma ya mbwa, akapiga. Paa! Watu waliruka. Kuku walitawanyika. Mtasema hakutikisa hata mkia.

Sufuria ilimponyoka Nereah mkononi.

"Hasikii," alisema. "Jamani, hasikii."

Ugomvi uliishia hapo.

Kesho yake Imalingat, daktari wa ng'ombe, alipita kwa baiskeli akienda kuchanja ng'ombe. Nereah alimwita. Akwi naye akaja na kigae mkononi, akijifanya amefuata kaa la moto.

Imalingat alichuchumaa. Aliinua sikio la mbwa, akanusa, akakunja uso.

"Mama, umetia nini humu?"

"Mafuta ya taa." Sauti ya Nereah ilikuwa ndogo. "Alikuwa akitikisa kichwa na kujikuna, na masikio yananuka. Nikaambiwa mafuta ya taa yanatoa kupe. Nilimmiminia siku tatu. Uchafu niliutoa kwa njiti ya ufagio."

"Nani alikuambia?"

Nereah alimpapasa mbwa mgongoni. Hakutaja mtu.

"Ni mimi," Akwi alisema mwishowe. "Chupa nilimpa mimi. Marehemu mama yangu alifanya hivyo."

Imalingat hakumkaripia. "Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu," alisema. "Bila ngozi hiyo, sauti haipiti vizuri. Sikio lilikuwa limeshaugua. Mafuta yakachoma, njiti ikatoboa, mafuta yakapenya mpaka ndani kabisa, pande zote mbili."

"Atasikia tena?"

"Nitampa dawa. Maumivu yataisha, usaha utakauka. Lakini kusikia, mama, sitakudanganya. Hapana."

Nereah alikaa chini kwenye vumbi, akaweka kichwa cha mbwa mapajani. "Nilimshika mimi mwenyewe," alisema huku akilia. "Alikuwa akilia, nami namwambia nyamaza."

Akwi aliweka kigae chini. Kisha akasema polepole, "Daktari, mbwa yangu ile ndogo nayo inatikisa kichwa tangu jana. Chupa nimeshaweka tayari."

Imalingat aliinuka upesi, akaenda kumtazama. Sikio lilikuwa na uchafu na kupe mmoja, lakini halikuvimba wala kunuka.

"Hili mnaweza kulitunza nyumbani," alisema. "Chemsha maji, yajae chupa mbili za soda. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai. Ngoja yawe vuguvugu. Chukua kitambaa safi, laini, ukizungushe kwenye kidole, ukichovye, upanguse panapoonekana kwa jicho. Usisukume ndani. Kisha kausha. Kupe mshike karibu na ngozi, umvute polepole."

"Na mafuta ya taa?"

"Mafuta ya taa ni ya taa, mama."

Akwi alicheka kidogo, kisha akaona haya.

"Lakini ukiona usaha," Imalingat aliendelea, "au sikio linanuka, au mbwa analia ukimgusa, au anainamisha kichwa upande mmoja, usitie kitu. Hata maji. Niite mimi."

Alimgeukia Nereah. "Wako usimshtue kutoka nyuma. Kanyaga chini kwa nguvu, atasikia kwa miguu. Au mpungie mkono."

Wiki nne zilipita. Mbwa wa Akwi alipona, na Akwi alimwonyesha kila mtu aliyepita njiani. Wanawake wakaanza kuja kwake na mbwa wao, kila mmoja na kitambaa chake. Chupa ya mafuta ilirudi mezani, kando ya taa.

Masikio ya Mtasema yalikauka. Alijifunza kutazama mkono. Ila jioni zilikuwa kimya. Hakukuwa na haja ya kuita.

Jioni moja Nereah alisahau. Au labda hakusahau. Alisimama uani, akaita kama zamani, "Mtasema! Mtasema wee!"

Mbwa hakuja.

Kisha minyaa ikatikisika. Akwi akatokea kwenye upenyo, na Mtasema nyuma yake.

"Alikuwa amelala jikoni kwangu," Akwi alisema. "Yeye hakusikia. Mimi nimesikia." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Jina hilo lilikuwa langu siku zote, mke wa Rasto. Basi leo nimeitika."

Nereah alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Alikanyaga chini. Mtasema aliinua kichwa, akamwona, akaja. Akwi alibaki pale pale kwenye upenyo, mikono kifuani.

"Usisimame hapo kama polisi wa mpakani," Nereah alimwambia. "Kuna ugali wa wimbi na dagaa. Ingia tule."