Uyoga Mzima

SAA NNE ASUBUHI

Kikao kilifunguliwa katika chumba cha nyuma cha saluni, kati ya ndoo za maji na magunia ya nywele bandia. Waliohudhuria walikuwa wanne. Hakuna aliyetoa udhuru. Wa mwisho kutoa udhuru alizikwa.

Mwenyekiti alikaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, kichwa kimezama ndani ya bakuli lake, kama askofu aliyeazima kofia. Hakuna aliyecheka. Waliitwa wengi waliowahi kumcheka, hakuitika hata mmoja. Jina la Mwenyekiti alilipata kwa sababu hakuweza kuiba hata kuku bila ajenda.

"Ajenda ya kwanza," alisema. "Uyoga."

Kila mtu mjini aliujua ule msitu, ingawa waliouona ni wachache. Ulikuwa chini kabisa, chini ya mitaro na misingi ya nyumba. Uyoga mrefu kuliko ghorofa, shina nene kama pipa, umejaa mwanga wa kijani na buluu kana kwamba umemeza taa. Kampuni iliukata vipande, ikavitia kwenye chupa, ikauza. Kila taa ya mji ilikuwa kipande cha uyoga kinachokufa polepole. Kikifa, unarudi Kampuni. Katikati ya msitu alisimama uyoga mnene kupita wote, aliyeitwa Mama, na miguuni pake waliota watoto wake. Ukimpata mtoto mmoja akiwa hai, ukampanda penye giza na unyevu, nawe una msitu wako.

"Mnunuzi anamtaka mtoto wa Mama," Mwenyekiti aliendelea. "Mzima. Na nyuzi zake, na udongo wake. Akikatika ni mboga, na mimi sikuja mjini kutafuta mboga. Nani atamng'oa?"

Seremala alinyoosha kidole kama yuko darasani. Alikuwa seremala kweli, mikono mipana, moyo mwembamba. Aliingia kwenye genge siku alipogundua kwamba hakuna anayejua kuifungua milango ya matajiri kuliko yeye aliyeitengeneza.

"Ajenda ya pili. Mlinzi."

Macho yote yalimgeukia Msusi, mwenye saluni. Ndiye aliyesuka kamba ya kushukia, uzi kwa uzi, kama anayemsuka bibi harusi. Mlinzi wa zamu ile alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Afungwe," alisema Msusi. "Kamba mikononi, kitambaa mdomoni, basi. Asiguswe zaidi."

Yeye hakuutaka uyoga. Alimtaka mdogo wake. Kampuni ilikuwa imemsainisha kijana mkataba wa miaka saba, minne imekwisha, na walinzi walilala hukohuko chini, wakapumua lile vumbi la uyoga mchana na usiku. Siku ya kutembelewa Msusi alimwona kupitia nondo za lango. Kila akikohoa, mkono aliouweka mdomoni uling'aa. Wenzake walimwita Koroboi. Walicheka, naye akacheka. Msusi alirudi nyumbani hakula. Njia ya kuuvunja mkataba ilikuwa moja tu: mlinzi aliyeibiwa hufukuzwa siku hiyohiyo. Basi aibiwe.

"Anaongea sana, mdogo wako," alisema Pole, bila kuinua macho. Alikuwa akisafisha kucha kwa ncha ya kisu. Aliitwa Pole kwa sababu hakuwahi kumchoma mtu bila kumpa pole kwanza. Mtu wa adabu.

"Ndiyo maana kuna kitambaa," Msusi alimjibu.

"Ajenda ya tatu. Mawasiliano." Mwenyekiti alishusha sauti. "Uyoga ule hautaki kelele. Ukipaza sauti, unafifia, na kule mnarani Kampuni wanaona. Kwa hiyo ni kunong'ona tu. Mimi niko juu ya shimo, namnong'oneza Msusi chini. Msusi anampa Pole. Neno moja moja. Likifika, linatendwa. Sitaki maneno ya kwenda na kurudi kama posa. Kuna swali?"

"Chakula cha mchana je?" aliuliza Seremala.

"Hoja imekataliwa."

SAA SABA MCHANA

Walichagua mchana kwa kuwa mchana hakuna mtu anayeiwazia taa. Shimo la hewa lilifungukia nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa. Mwenyekiti alifunga kapi kwenye boriti, akapitisha kamba, akaegesha mkokoteni kando. Watatu walishuka.

Msusi alikanyaga chini, na kwa muda akasahau kwamba ni mwizi. Mashina yalipanda kama nguzo, na juu yao kofia za uyoga zilifunikana kama paa. Mwanga haukutoka upande wowote, ulikuwapo tu. Hakuna kilichokuwa na kivuli. Vumbi lilielea na kutua juu ya nyusi. Ukuta wa udongo ulitoa jasho.

"Dada, umechelewa," ilinong'ona sauti nyuma ya shina. "Nimekaribia kujifunga mwenyewe."

Koroboi alitokea. Nywele zake ziling'aa, kola yake iling'aa, hata masikio. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia dada yake, akamwacha na mng'ao begani.

"Unaona ulivyo?" Msusi alisema. "Unatisha."

"Wewe subiri nikitoka. Nyumbani hatutanunua taa."

Aliwaongoza mpaka kwa Mama. Haikuwa mbali, ungetupa jiwe likafika. Seremala alipiga magoti, akachagua mtoto mwenye kimo cha mtu mzima, akaanza kuchimba kwa mikono, taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye unga.

Koroboi alimgeukia Pole, akamwonyesha shavu. "Kaka, nitie alama hapa. Nisionekane nimefungwa kwa mapenzi."

"Pole," alisema Pole, akampiga ngumi moja.

Kijana aliyumba, akatema damu, akacheka bila sauti. "Huyu kasomea."

Msusi alimfunga mikono yeye mwenyewe, kwa msuko mpana usiokata ngozi, kama anavyosukwa mtoto mwenye kichwa kinachouma. Akamfunga kitambaa mdomoni. Macho ya mdogo wake yalikuwa yanacheka juu ya kitambaa. Alimpangusa damu ya kidevu kwa kidole gumba.

"Nenda mahali pako," Pole alimwambia Msusi.

Alikwenda.

SAA SABA NA NUSU

Chini ya shimo palikuwa na duara dogo la mwanga wa jua, na lilionekana chafu karibu na ule mwanga mwingine. Msusi alisimama ndani yake, sikio juu. Kutoka kwa Mama hakuona kitu, mashina yaliziba. Alisikia mikono ya Seremala ikikwangua udongo. Alisikia pumzi yake mwenyewe.

Kukwangua kulikoma.

Mnong'ono ulishuka kutoka juu, umelowa, umekonda.

"Mzima?"

Msusi alikinga viganja mdomoni, akageukia msitu, akalipeleka neno kama alivyolipokea.

Kitu kilikwaruza ardhini, kikatulia.

"Sawa," ilirudi sauti ya Pole.

"Sawa," Msusi alipeleka juu. Akajiona mjumbe hodari.

Walitokea wamembeba mtoto wa Mama juu ya gunia, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mzima kweli, nyuzi zote zinaning'inia, mwanga wake unapwita. Mzigo wa kutajirisha ukoo. Lakini Seremala alikuwa analia. Mtu mzima, mikono mipana vile, machozi yanachirizika mpaka shingoni, na hayafuti.

"Nini?" aliuliza Msusi. "Amekatika?"

Seremala alitikisa kichwa.

"Mdogo wangu hajambo?"

Pole aliweka mzigo chini. Alijipangusa viganja kwenye suruali, kimoja, kisha kingine. Akamtazama usoni.

"Pole," alisema.

Msusi alikimbia. Hapakuwa mbali, ungetupa jiwe likafika. Koroboi alikuwa amelala ubavu miguuni pa Mama, mikono bado imefungwa ule msuko mpana, kitambaa bado mdomoni. Kisu kilikuwa kimeingia mara moja, mahali panapojulikana na watu wanaoijua kazi. Damu ilikuwa na vumbi ndani yake. Iling'aa.

Hakupiga yowe. Aliuma mkono wake mpaka akasikia chumvi.

Aliporudi, Pole alikuwa amesimama palepale.

"Kwa nini?"

"Neno limeshuka."

"Neno gani?"

"Mzime."

"Mzima!" Sauti ilimponyoka, na uyoga wa karibu ukafifia. Aliishusha. "Mzima. Lilikuwa swali. Nilisema mzima."

"Mnong'ono hauna kiulizo, dada." Pole hakuwa anabishana. Alisema kama fundi anayeeleza bomba lilipopasuka. "Tulikubaliana, neno likifika linatendwa. Limefika. Na sauti ilikuwa yako. Nikajua, ukiona dada mtu mwenyewe ndiye anayeleta neno, basi mambo yameharibika kweli."

Msusi aliinua uso kwenye shimo.

"Ulisema nini?"

"Nini?" Mwenyekiti alinong'ona. "Leteni mzigo."

"Neno lako. Ulisema nini?"

"Niliuliza, uyoga mzima? Kwani vipi?"

Aliuliza uyoga. Hakumwulizia mlinzi kwa heri wala kwa shari. Hakuwa amemwaza hata kidogo.

"Wamemuua mdogo wangu."

Msusi alingoja, akitamani kitu chochote: tusi, kicheko, hata uongo.

"Hilo tutalijadili kwenye kikao," alisema Mwenyekiti. "Pandisheni watu. Zamu inabadilika saa nane."

SAA NANE KASOROBO

Mpango ulikuwa wanaume wapande kwanza wakasaidie kuvuta, kisha mzigo, kisha Msusi. Seremala alijifunga kamba kiunoni. Alimwinamia Msusi.

"Nilikuwa nimempa mgongo, dada. Nilipogeuka..."

"Panda."

Alipanda. Kamba ikarudi. Pole naye akajifunga, akaning'inia kama nyama buchani, akapotea juu.

Msusi alibaki na uyoga, gunia, na kamba inayorudi kushuka.

Alimtelezesha mtoto wa Mama pembeni, akaliburuta gunia mpaka kwa Mama. Alimfungua mdogo wake mikono kwanza; alitaka hilo liwe la kwanza. Akamtoa kitambaa mdomoni. Akamviringisha ndani ya gunia, magoti kifuani, kama alivyolala utotoni kitandani pao pamoja, akiiba blanketi lote. Alimburuta kwa kurudi kinyumenyume. Mtu akikonda vile ungedhani atakuwa mwepesi. Sivyo. Chini ya shimo alimfunga kamba kifuani na chini ya mapaja, mara tatu, kisha akatazama kazi yake. Mwanga wa nywele na nguo zake ulipenya kwenye matundu ya gunia, kijani na buluu. Vumbi la miaka minne.

"Tayari," alinong'ona.

Kamba ilikaza. Mzigo uliinuka, ukazunguka polepole, ukaingia shimoni.

"Mbona mzito hivi?" Mnong'ono wa Mwenyekiti ulikuja na mhemo.

Msusi alifumba macho.

"Udongo wa mizizi," ilijibu sauti nyingine huko juu. Ilikuwa ya Seremala, na ilikuwa imekwama kooni. Alikuwa ameupakata ule uyoga kwa mikono yake. Alijua uzito wake mpaka punje. "Mnunuzi si kausema mwenyewe, na udongo wake? Vuta, Mwenyekiti. Usifungue, jua litamuua."

Waliuvuta.

Duara la jua lilifunikwa, kisha likafunguka. Msusi alisikia mzigo ukitua juu ya mkokoteni, taratibu, na akajua ni nani aliyeushika. Angalau ametoka. Wangemsukuma chini ya jua, barabara yote, mpaka kwa mnunuzi, na mnunuzi angefungua gunia mbele ya Mwenyekiti. Mnunuzi yule hakuwa mtu wa vikao.

Alingoja kamba. Alisikia kapi likifunguliwa kwenye boriti. Magurudumu ya mkokoteni yalilia kidogo, yakaenda, yakanyamaza. Kamba haikurudi. Hakushangaa. Dada wa maiti hapandishwi. Hata yeye, kama angekuwa mwenyekiti, angeipitisha hoja hiyo bila kupinga.

Alimbeba mtoto wa Mama kama alivyoweza, akamrudisha kwenye shimo lake, akamfukia nyuzi, akashindilia udongo kwa viganja. Hakujua kama ataishi. Kisha akaketi kando ya ile damu.

SAA NANE MCHANA

Zamu ilishuka kwa ngazi za mawe, watu sita, viatu vimefungwa vitambaa. Mkuu wa zamu alikuwa mzee mwenye nyusi zinazong'aa. Aliona udongo uliochimbwa. Aliona damu. Akaona mwanamke aliyeketi, mikono juu ya magoti, nguo zake zimejaa mwanga.

"Koroboi yuko wapi?" alinong'ona.

"Ametoka."

"Wewe nani?"

"Dada yake."

Mzee aliangalia damu tena, akachuchumaa mbele yake. Hakumshika. Alikuwa amewahi kumwona huyu nje ya nondo, siku za kutembelewa, na kifurushi chake cha chakula.

"Nani kafanya hivi, mwanangu?"

Msusi aliutafuta mdomo wake. Ulikuwa umekauka, na aliuogopa.

"Nitawaambia wanakaa wapi," alisema. "Na barabara waliyoshika. Mkiwahi, mtawakuta na mkokoteni."

"Mlikuwa wangapi?"

Alifikiria ile sauti iliyokwama kooni, kule juu ya shimo.

"Watatu," alisema. "Anza na mimi."