Maiti Katika Mstari wa 410

Marehemu alikuwa juu ya meza, uso wake bado unawaka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Machi 1995, Garissa, na joto lilikuwa limeingia kazini mapema kuliko watumishi wote wa Mradi wa Kinga ya Mifugo. Inspekta Halkano Guyo aliinama akaitazama kompyuta. Kioo chake cheusi kilikuwa na mstari mmoja wa Kizungu uliosema kwamba namba fulani imegawanywa kwa sifuri katika mstari wa 410. Chini yake kijialama cheupe kiliwaka na kuzima, kikawaka na kuzima, bila kwenda popote.

"Nani alimwona mara ya mwisho akiwa hai?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Bwana Abdille, mkubwa wa mradi, mtu mnene mwenye ndevu zilizopakwa hina. "Jana jioni ilikuwa nzima. Leo tumeiwasha itoe orodha ya chanjo, ikafa. Tumeizima na kuiwasha mara nne. Inakufa mahali palepale. Hiyo si bahati mbaya, Inspekta. Hiyo ni hujuma. Na mhalifu ni yule pale!"

Kidole chake kilimwelekea binti mwembamba aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini, midomo imekaza. Aliitwa Ramla. Mzee wake alikuwa mfugaji wa Kutulo; yeye alikwenda Nairobi kusomea kompyuta, akarudi na cheti, na programu yote ya mradi aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari.

Halkano alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya polisi, mingi yake akifuata nyayo za wezi wa mifugo kutoka Wajir hadi mtoni Tana. Kompyuta alikuwa ameiona mara mbili, na zote zilikuwa picha. Lakini alijua kuuliza maswali, na hakumpenda mtu anayemletea polisi mhalifu aliyekwisha kupikwa.

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Niliahirisha kumwajiri kwa kudumu. Ana kinyongo. Nataka ashtakiwe kwa kuharibu mali ya umma, leo hii."

Nje, lori la chanjo lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Ndani yake kulikuwa na masanduku ya chanjo yaliyofunikwa kwa barafu iliyotoka Nairobi, na barafu haina subira. Bila orodha, dereva hakujua aanzie kwa nani. Dereva huyo, Abdisalam, alikuwa pia shemeji wa Bwana Abdille, kaka wa mkewe. Aliingia na kutoka kila dakika tano kuripoti hali ya mgonjwa.

"Inayeyuka," alisema mlangoni. "Saa nane, bolisi. Baada ya saa nane hiyo ni maji tu."

Halkano akafungua daftari lake, akaandika jina la Ramla kwa penseli juu ya ukurasa. Ramla aliona. Alijua maana yake. Msichana aliyelala seli usiku mmoja Garissa hataulizwa tena kosa lilikuwa nini, na cheti chake cha Nairobi kitamfaa kufungia karanga.

"Mstari huu wa 410," Inspekta alimwuliza, "nani aliuandika?"

"Mimi, afande."

"Amekiri!" Bwana Abdille alipiga meza. Kompyuta ikatikisika.

"Bwana Abdille, tafadhali usiguse eneo la tukio." Halkano alimgeukia binti. "Mstari huo unafanya nini?"

"Unagawanya ngamia waliokufa kwa ngamia walio hai. Mwenye watano waliokufa na hai kumi, ugonjwa umemuuma sana. Mwenye watano na hai hamsini, anaweza kungoja. Hivyo lori linajua litangulie wapi."

"Na uko salama, mstari wenyewe?"

"Kwangu ulikuwa unakwenda, afande."

"Kwake ulikuwa unakwenda, kwangu unakufa!" alisema Bwana Abdille. "Si umesikia?"

Halkano alijikuna shingo. Alikumbuka maiti aliyemwopoa chini ya daraja la Tana mwaka wa themanini na nane. Wakubwa wake walikamata wavuvi watatu wa pale darajani, kumbe marehemu alikuwa amezama mbali sana huko juu, na maji ndiyo yaliyomleta.

"Maiti amepatikana mstari wa 410," alisema taratibu. "Mimi sijui alikouawa. Hebu lirudieni kosa nilione."

"Kulirudia?" aliuliza Bwana Abdille.

"Katika kazi yangu yote sijapata kosa linalokubali kurudiwa mbele ya polisi. Siwezi kuikosa nafasi hii."

Ramla alinyanyuka, lakini Bwana Abdille akamzuia. "Mtuhumiwa hagusi kibodi. Tangu asubuhi anang'ang'ania aachiwe dakika tano. Dakika tano za kufuta ushahidi!"

"Nitakaa karibu yake," alisema Halkano. "Akifuta kitu, nitamfunga pingu mimi mwenyewe."

Ramla aliketi. Kwanza alitia diski yake ya majaribio, yenye wafugaji kumi aliowabuni. Kompyuta ikakoroma kidogo, majina kumi yakatokea, yamepangwa vizuri kuanzia mwenye shida kubwa.

"Mzima kabisa," Inspekta alisema.

Kisha Ramla akatia diski ya kweli, yenye wafugaji mia tatu na kumi na wawili. Kompyuta ikakoroma, ikanyamaza. Mstari wa 410. Sifuri.

"Programu ileile," alisema Halkano. "Mkono uleule. Kumi wamepita, mia tatu wamekwama. Sasa nani aliwaleta hawa mia tatu?"

Mtu akakohoa nyuma ya kabati la faili. Alikuwa Awil, karani, aliyekuwa amejificha huko tangu polisi waingie.

"Mimi ndiyo nilibiga chaba hiyo majina, afande," alisema Awil. "Siku tatu nabiga. Chenye kimeandikwa kwa fomu, hicho naandika. Siongezi, sibunguzi. Wallahi."

"Ulikwenda kwa wafugaji mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ukawauliza wana ngamia wangapi?"

Awil alimtazama Inspekta kama aliyeulizwa rangi ya nguo za ndani za shehe. "Mtu anauliza hivyo, afande? Wewe ni Mborana. Unajua."

Halkano alijua. Hata hivyo, sheria ni sheria, na ushahidi lazima usikike kwa kinywa cha shahidi.

"Una mbuzi wangapi, Awil?"

"Mungu ametujalia."

"Wewe, dereva?"

"Alhamdulillahi," alisema Abdisalam kutoka mlangoni, na papo hapo akauliza, "Na wewe, afande? Ng'ombe yako kule Wajir ni ngapi?"

"Hatujambo," alisema Inspekta.

Ndivyo ilivyo katika nchi hii. Mtu atakwambia jina la babu wa babu yake, atakwambia jinsi mkewe alivyomfukuza kwa mwiko, lakini idadi ya mifugo yake hatakwambia. Ukihesabu wanyama wa mtu kwa sauti, umewaitia jicho baya, na wiki ijayo watakuwa pungufu. Wazungu waliochora fomu ya mradi hawakulijua hilo. Walichora kisanduku, wakaandika idadi, wakapanda ndege.

"Basi namba ulizitoa wapi?"

"Nakaa kisimani," alisema Awil, akiona haya kidogo kwa ujanja wake. "Wakija kunywa, kila ngamia nahamisha kokoto moja, mfuko huu kwenda mfuko huu. Jioni nahesabu kokoto. Mwenyewe hajui."

"Na waliokufa?"

"Hao anasema mwenyewe. Anasema na machozi. Aliyekufa jicho litamfanya nini?"

Halkano alifunga daftari. Kulikuwa na kitu kimemkaa rohoni, lakini hakukiona vizuri. Nje, Abdisalam alipiga kelele kwamba maji yameanza kudondoka chini ya lori.

"Afande," alisema Ramla, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuogopa. "Hizo dakika tano nilizoomba. Nataka kuweka mstari mmoja tu kabla ya 410. Utataja jina la kila mfugaji kabla hajagawanywa. Aliye mzima atapita. Tutakayemwona wa mwisho, huyo ndiye."

Uso wa Inspekta ukachangamka. "Gwaride la utambuzi!"

"Sijui mnaliitaje huko kwenu."

"Weka."

"Napinga!" alisema Bwana Abdille.

"Imeandikwa kwamba umepinga," alisema Halkano, bila kuandika chochote.

Ramla aliandika mstari wake, akabonyeza. Majina yakaanza kupanda kiooni, mmoja baada ya mwingine, ya Modogashe, ya Masalani, ya Balambala. Watu wote wanne wakasogea. Hata Abdisalam aliisahau barafu. Jasho lilimtiririka Awil, ambaye alikuwa akiyataja majina kimoyomoyo na kuwaombea wote wapite.

Mia moja. Mia mbili. Mia mbili na themanini.

Kompyuta ikanyamaza.

Jina la mwisho kiooni lilikuwa ABDILLE ABDIWAHID SALAT, BALAMBALA.

"Abdille wako wengi," alisema Bwana Abdille.

"Wa Abdiwahid Salat?" aliuliza Inspekta. "Awil, nipe fomu hiyo. Kwa ncha za vidole. Ni kielelezo."

Fomu ilitoka kabatini. Haikuwa na vumbi la kisimani wala mwandiko wa Awil. Ilijazwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko mzuri wa ofisini, na Halkano aliisoma kwa sauti ya mahakamani.

"Idadi ya ngamia: hakuna. Ngamia waliokufa: tisa." Akainua macho. "Bwana Abdille, huna ngamia hata mmoja?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na tisa wamekufa."

"Msiba mkubwa."

"Sasa chanjo unamwombea nani? Hao tisa?"

Hina ya ndevu za Bwana Abdille ilionekana kukolea.

"Mimi nilibiga sifuri," Awil alijitetea. "Imeandikwa hakuna. Fomu ya mkubwa siulizi swali."

"Ushahidi umekamilika," alisema Inspekta. "Bwana Abdille, hulazimiki kusema lolote, lakini utakalosema laweza kutumika. Kwa nini?"

Bwana Abdille alitazama mlango. Abdisalam alikuwa amesimama pale pale, naye alikuwa mpana.

"Sikujua itaua mashine," alisema mwishowe. "Wallahi, Inspekta, nilidhani ni huyu msichana. Nilitaka lori lianze Balambala, ndiyo maana nikaandika waliokufa. Walio hai... nani anaandika walio hai kwenye karatasi ya serikali? Karatasi inasomwa. Watu wana macho. Wengine wamezaa juzi tu, wana mtoto mchanga, wanakuja nyumbani kuomba ngamia wa maziwa..."

Alijiziba kinywa, lakini alikuwa amechelewa.

"Seeddi," alisema Abdisalam polepole, akimwita shemeji kwa Kisomali, "mwezi wa Ramadhani nilikuja kwako. Mtoto analia. Uliniambia ukame umemaliza wote."

"Tisa walikufa kweli!"

Halkano aliokota penseli yake. "Nimeshafungua ukurasa. Kuna jina moja juu yake. Ama nilifute, ama niandike lingine chini ya lile. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa. Namba, bwana."

"Ifuteni fomu yangu tu! Nitoeni!"

"Naweza," alisema Ramla. "Lakini ukitoka kwenye orodha, lori halifiki kwa ngamia wako."

Hapo ndipo Bwana Abdille alipoteseka kweli. Jicho baya upande mmoja, ugonjwa upande wa pili, na shemeji katikati ya mlango. Alichukua kipande cha karatasi, akakigeuzia ukuta, akaandika, akakikunja mara tatu, akampa Ramla bila kumtazama.

Ramla alikikunjua, akaandika namba, akabonyeza. Majina mia tatu na kumi na mawili yakapita. Printa ikaanza kupiga kelele, na karatasi ndefu ikateremka hadi sakafuni. Awil akashangilia peke yake.

"Na mimi nina kosa langu, afande," Ramla alisema. "Programu ingepaswa kuikataa sifuri ile tangu mlangoni, iulize. Sikuwaza kama kuna mtu atakosa ngamia na bado afiwe nao."

"Hilo halimo kwenye sheria za adhabu," alisema Inspekta. Akafuta jina la Ramla kwa kifutio, akapuliza vumbi, akamwonyesha ukurasa mweupe. Binti akashusha pumzi aliyoishika tangu asubuhi, na macho yakamlowa, akayapangusa kwa ncha ya shela. Kisha akamtazama mkubwa wake.

"Nangoja radhi, Bwana Abdille."

"Uniwie radhi," alisema Bwana Abdille kuiambia printa.

"Na ajira?"

"Na ajira. Jumatatu."

Abdisalam alikuwa ameshachana orodha, maana orodha ni haki ya dereva. Alianza juu, akashuka, akashuka tena. Jina la shemeji yake lilikuwa karibu na mwisho kabisa, kwa sababu tisa ni wachache sana ukilinganisha na waliobaki.

"Mia moja na kumi na wawili," alisoma kwa sauti idadi iliyochapwa kando ya jina.

Bwana Abdille alijifunika uso kama aliyepigwa.

"Kati ya hao," aliuliza Abdisalam, "wenye maziwa ni wangapi?"

"Hilo haliko kwenye fomu!" alifoka Bwana Abdille.

Vidole vya Ramla vilikuwa vimesharudi kwenye kibodi.

"Naweza kuliongeza," alisema. "Ni mstari mmoja tu."